Kupangua Gia kwenye Gari la Oto

Barabara ya Lushoto kwenda Mombo haifiki kilomita 40, na katika umbali huo mdogo gari hushuka karibu mita 1,000. Mpaka Soni mtu anaweza kujidanganya kwamba yuko kwenye njia ya kawaida yenye kona nyingi. Baada ya Soni, pale maji yanapoporomoka kando ya barabara, bonde linabana. Mwamba unakaa upande mmoja, korongo upande wa pili, na lami inajikunja na kujikunja tena hadi mashamba ya mkonge ya Mombo yanapoonekana kule chini kwenye joto.

Njia hii ndiyo iliyonizoesha kuacha mandhari na kutazama mkono wa dereva. Gari lenyewe ni Toyota Noah ya zamani, ile yenye mkono wa gia pembeni mwa usukani. Watu wamejaa, na mapajani mwao kuna karoti, plamu na kuku. Ni gari la oto. Ukisikiliza maneno ya vijiweni, gari la oto halina cha kuendesha: unaweka D, unakanyaga mafuta, unashika usukani, basi. Wenye manyuo husema hivyo kwa dharau, na wenye oto hukubali kwa furaha, maana ndicho walichokinunulia. Lakini dereva huyu, nyumba za mwisho za Soni zikiwa bado ubavuni, anabonyeza kwa kidole gumba kitufe kilichoko kwenye ncha ya mkono wa gia. Kwenye dashibodi inawaka taa ndogo ya njano, O/D OFF, na mlio wa injini unapanda kidogo. Mbele kidogo, barabara ikiwa bado haijaanza kuinama, anagusa breki, anauvuta mkono wa gia kutoka D kwenda 2, kisha anaendelea na mazungumzo yake kuhusu bei ya kabichi. Hakuna abiria anayegeuka. Gari linaingia mteremkoni likiwa limeshashikwa.

Kilichonivutia ni wakati aliouchagua. Giaboksi ya oto ni hodari wa mambo yaliyokwisha kutokea. Inajua mwendo wa gari, inajua mguu umekanyaga mafuta kiasi gani, na kwa hayo huamua gia. Haijui kwamba baada ya mwamba ule kuna kona, na baada ya kona kuna lori la mbao linalopanda polepole. Tena mteremkoni ujuzi wake hugeuka kinyume. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta huku gari likiongeza kasi, giaboksi ya zamani huona msafiri aliyetulia kwenye tambarare asiyehitaji nguvu, ikampandishia gia hadi ile nyepesi kuliko zote. Pale mtu anapotaka kushikwa, yenyewe inamwachia. Magari ya miaka ya karibuni yamefundishwa kuhisi mteremko na kushusha gia yenyewe, na mengine hufanya hivyo vizuri. Hata hayo, mengi husubiri mpaka yameinama. Anayeiona barabara kabla haijafika ni mtu mmoja tu ndani ya gari, na mkono wa gia ndiyo njia yake ya kuipasha mashine habari.

Sishangai kwamba wengi hawautumii. Magari haya yalikuja kutoka Japani yakiwa yametumika, na kitabu cha maelezo, kama kilibaki kwenye droo ya dashibodi, kimeandikwa Kijapani mwanzo hadi mwisho. Mengine bado humsalimu mwenye gari kila asubuhi kwa sauti ya dada wa Kijapani anayeulizia kadi ya kulipia barabara za kwao. Kwa hiyo elimu ya 2, L na O/D imesafiri kwa midomo, ikipotea nusu njiani. Wapo wanaoamini O/D ni kitufe cha kukimbiza gari. Wapo wanaopeleka gari kwa fundi kwa sababu taa ya O/D OFF imewaka, kumbe mtoto alichezea kitufe. Wapo walioambiwa L ni ya kunasua gari kwenye tope tu, na wengine kwamba ukiigusa huku gari likitembea, giaboksi inapasuka.

Maana ya O/D ni nyepesi. Kwenye giaboksi ya gia nne ya enzi za Noah ile, gia ya nne ni ya mwendo wa mbali: injini ikizunguka mara 7 hivi, shafti inayokwenda kwenye magurudumu huzunguka mara 10. Injini inapumzika na mafuta yanaokolewa. Ukibonyeza kitufe, gia hiyo inafungwa, na gari linabaki na tatu za chini. Ukivuta 2, hata ya tatu inafungwa. Ukivuta L, ni ya kwanza peke yake.

Chini ya hapo kuna jambo ambalo mimi huliona zuri kuliko yote, na halisemwi sana. Katika giaboksi nyingi za Toyota za miaka ya 1990, unapokuwa kwenye D, gia ya kwanza na ya pili huegemea klachi ya njia moja, kifaa cha ukoo mmoja na friiwili ya baiskeli. Injini ikisukuma magurudumu, kinashika. Magurudumu yakitaka kuisukuma injini, kinateleza. Wahandisi walikiweka ili gia zibadilike kwa ulaini, bila abiria kutikisa shingo, na walifaulu. Gharama yake ni kwamba hata D ikikupa gia ya pili mteremkoni, injini haikushiki, kwa kuwa nguvu inapita upande mmoja tu. Unapovuta mkono wa gia hadi 2 au L, mafuta yenye shinikizo hupelekwa kwenye breki nyingine iliyolala ndani ya giaboksi. Breki hiyo hubana, na sasa nguvu inapita pande zote mbili. Kwa hiyo L si sawa na D iliyojikuta kwenye gia ya kwanza. Meno yanayozunguka ni yaleyale, lakini mlango wa kurudi nyuma umefunguliwa, na wa kuufungua ni mkono wa dereva.

Mlango huo ukiwa wazi, injini inageuka breki. Mguu ukitoka kwenye mafuta, koo la kuingizia hewa linajifunga, na pistoni zinalazimika kuvuta hewa ambayo haipo ya kutosha. Kazi hiyo ngumu inalipwa na magurudumu. Kwenye injini za petroli zinazodhibitiwa na kompyuta, nozeli nazo hukatwa: gari linaposhuka likiwa kwenye gia, mguu ukiwa juu, halichomi petroli mpaka mizunguko ikaribie ile ya gari lililosimama. Nawaandikia hili hasa ndugu zetu wanaoweka frii mteremkoni ili kubana wese. Kwenye frii injini haisukumwi na kitu, lazima ilishwe ili isizime. Wanatumia mafuta ambayo mwenzao aliye kwenye 2 hayatumii, na wamejinyima breki ya injini. Injini ya dizeli ya kizamani haina koo la kufunga, ushikaji wake ni mdogo, ndiyo maana malori makubwa yakafungiwa breki ya ekzosi, na ndiyo maana dereva wa semi iliyobeba shaba ya Zambia hupangua gia juu kabisa, kabla ya kuushuka Mlima Kitonga.

Tuifanye hesabu. Noah yenye watu na mizigo ina uzito wa tani 2 hivi. Kuishusha mita 1,000 ni kuachia nishati ya kilojuli 19,600. Joto hilo, kama lingekusanywa lote, lingechemsha karibu ndoo tatu za lita 20 kutoka ubaridi wa bomba la Lushoto hadi kutokota. Upepo na matairi hula sehemu yake. Kinachobaki lazima kiende mahali: ama kwenye injini, ambayo ina rejeta na feni na imezoea moto tangu izaliwe, ama kwenye pedi na diski ndani ya magurudumu. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa mapya. Lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishaunyonya kipimo kinachodaiwa ni nyuzi 140 tu. Yakichemka yanatoa mapovu, na povu hubonyea, jambo ambalo mafuta hayafanyi. Kanyagio la breki linazama hadi sakafuni na gari linaendelea na safari. Pale Mombo, magari yanaposimama watu washuke, pua itakuambia nani ameshuka kwa D. Harufu ya pedi zilizoungua haifichiki. Noah ninayoizungumzia huwa hainuki.

Yote hayo ni elimu ya kusomeka. Ufundi wenyewe uko mkononi na sikioni, na unahitaji utazamwe kwa subira, kwa sababu mtu mwenye nao hafanyi mengi.

Kwanza, hupunguza mwendo kwa breki, ndipo anashusha gia. Asiyejua hufanya kinyume: anavuta L gari likiwa kwenye 70, injini inapiga ukelele, watu wanarushwa mbele. Kwenye lami yenye ukungu wa Usambara, gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Noah hii, linaweza kutelezesha mkia. Kisha huchagua gia kwa sheria ya zamani ya madereva wa malori: mlima hushukwa kwa gia ambayo ungeupandia. Kwa sehemu kubwa ya Soni hadi Mombo hiyo ni 2. Gari likiwa kwenye 2 linapata mwendo wake lenyewe, kama 40 hivi, linaongeza polepole, yeye anakanyaga breki kwa nguvu kidogo mpaka 30, anaachia kabisa, pedi zinapata upepo. Mguu haulali juu ya kanyagio. Abiria wageni ndio wanaoona shida, kwa kuwa injini inaunguruma muda wote na wao wameshafundishwa kwamba injini inayounguruma inateswa. Inazunguka mara 2,000 na kitu kwa dakika. Inapopanda mlima huohuo inazunguka zaidi ya hapo, na hakuna anayeihurumia.

Kwenye zile kona zinazorudi zilikotoka huvuta L, gari likiwa limekwisha kupungua hadi mwendo wa mtu anayekimbia. Hapa ndipo mkono unapoonekana. Kwenda L kunahitaji kuuvuta mkono wa gia upande wako kwanza, kuna kizuizi kilichowekwa makusudi. Kurudi 2 hakuna kizuizi, na kutoka 2 kwenda D hakuna, na kutoka D kwenda N hakuna pia. Maana yake mkono wenye haraka ukisukuma juu unaweza kupitiliza hadi N, na dereva akajikuta kwenye frii katikati ya mlima bila kutaka. Dereva wangu haushiki mkono wa gia anapourudisha. Anausukuma kwa kiganja kilichofunguka, pole, anahisi mgoto wa 2, anaondoa mkono papo hapo. Haangalii. Macho yake yako mita mia mbele, kwenye kipande cha barabara kinachochungulia baina ya migomba.

Wapo wanaoongeza nakshi moja. Wakati wanavuta 2, wanagusa mafuta kidogo sana, mizunguko ya injini ipande kukutana na gia inayokuja, na gari linashuka gia bila kushtuka. Hii ni tabia iliyotoka kwenye malori ya zamani, ambako bila kukanyaga klachi mara mbili na kupandisha mizunguko katikati, gia zilikuwa zinasaga na hazikubali. Mmarekani Earl Thompson ndiye aliyeanza kuiua tabia hiyo, kwa mfumo wa kulinganisha meno uliowekwa kwenye magari ya Cadillac mwaka 1928. Hakuridhika. Akaongoza kundi la wahandisi wa General Motors lililotoa Hydra-Matic mwaka 1939, giaboksi ya oto iliyoingia kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940 na baadaye kwenye vifaru vya vita. Mtu huyohuyo aliondoa klachi ya pili, kisha ya kwanza. Lakini hata yeye na wenzake waliacha kwenye usukani nafasi iliyoandikwa Lo. Tangu siku ya kwanza, waliotengeneza oto walijua kwamba kuna milima ambayo haiwezi kuamuliwa na mashine.

Kupanda kuna ufundi wake, ingawa ni mdogo. Noah ikitoka Mombo na watu, giaboksi huanza kuhangaika: inapanda ya nne, injini inakosa nguvu, inarudi ya tatu, inapata nafuu, inapanda tena. Kila badiliko ni msuguano, na kila msuguano ni joto kwenye mafuta ya giaboksi. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua na injini inavyochoka, kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000. Kitufe kimoja kinamaliza ubishi huo. Watu wa Chalinze na Segera hukitumia kwa jambo jingine, kulipita lori: wanabonyeza O/D wakiwa bado nyuma ya tela, gari linashuka gia na kujiweka tayari, na nafasi ikipatikana nguvu ipo mguuni. Wanaokandamiza mafuta hadi chini hungoja giaboksi ifikiri, na hiyo sekunde moja huwa ndefu sana ukiwa upande wa kulia wa barabara. Ila wengi wakishapita wanasahau. Nimeona magari yanayokwenda 100 na taa ya O/D OFF imewaka tangu enzi za mmiliki aliyetangulia, na mwenyewe analalamika kwamba gari linakunywa.

Kuna kitufe kingine kwenye baadhi ya magari haya, kimeandikwa SNOW. Kiliwekwa kwa ajili ya theluji ya Japani: kinafanya gari liondoke na gia ya pili, nguvu ifike kwenye magurudumu kwa upole, yasizunguke bure. Masika, kwenye udongo mwekundu wa vijiji vya juu ya Lushoto, kitufe cha theluji kinafanya kazi yake vizuri kabisa.

Siku hizi gari la oto huja na alama za kujumlisha na kutoa kando ya D. Porsche ndio waliouzoesha ulimwengu mfumo huo, kwa Tiptronic yao ya mwaka 1990 hivi. Kwenye Toyota nyingi unaposogeza mkono kwenda S na dashibodi ikakuandikia 4, wengi hudhani wamechagua gia ya nne. Wamechagua dari: gari lina ruksa ya kutumia ya kwanza hadi ya nne, lisizidi hapo. Ukiomba gia ya chini mno kwa mwendo ulio nao, gari linalia mara mbili na kukukatalia. BMW na Mazda wao huvuta nyuma kupandisha gia na kusukuma mbele kushusha, kinyume cha Toyota, na mimi nawaunga mkono, kwa kuwa mtu akifunga breki mwili wote unakwenda mbele, mkono ukiwemo. Lakini wale wanaochezea alama hizo kutoka taa hadi taa pale mjini, siwahesabu. Kwenye tambarare kompyuta hubadilisha gia kwa wakati mzuri kuliko wao, na haichoki.

Sasa zimeingia haibridi, Aqua na Prius, na mkono wao wa gia una nafasi yenye herufi B. Madereva wengi wanaitumia B hata mjini kwa kuamini inachaji betri zaidi, na hapo wamekosea. Kanyagio la breki lenyewe, likikanyagwa kwa upole, hurudisha umeme kwenye betri kuliko B, kwa sababu B hutumia sehemu ya nguvu hiyo kuizungusha injini bure. Mahali pa B ni mteremko mrefu kama huu wa Soni. Ukiwa kwenye D unashuka kimya, mota inageuka jenereta, betri inajaa, na kabla hujafika Mombo imejaa pomoni na haina pa kuweka umeme mwingine. Hapo injini, ambayo haikusikika tangu Lushoto, inaanza kunguruma kwa nguvu bila tone la petroli ndani yake, ikizungushwa na mota ili ile kazi ya kushika gari isilemee breki peke yake. Dereva mgeni wa Aqua huweka gari pembeni, anafungua boneti, anampigia fundi simu. Noah inampita kwenye 2, ikiunguruma vilevile.